Daktari wa farasi ameangalia kichwa na mguu ndio unauma, kwa nini?

saisi_nrb
Wadau habari za jioni. Mimi ni saisi, mtunza farasi, hapa Nairobi, huu mwaka wa tatu niko na farasi. Juzi mmoja alianza kuchechemea kidogo tu, daktari akaja, hata mguu hakushika, akaniambia nimkimbize mwendo wa matiti, zile mbio za polepole, kwenye lami, yeye macho yote kichwani kwa farasi, halafu akanigombeza nimeshika kamba karibu sana. Raundi mbili akasema ni mbele kushoto. Mimi ningeapa ni kulia! Amejuaje? Nataka kujifunza, nimechoka kubahatisha.

daktari_wa_mifugo
Kaka, farasi akiumwa mguu wa mbele hataki kuuwekea uzito, kwa hiyo mguu mbovu ukigusa chini anainua kichwa, ule mzima ukikanyaga kichwa kinashuka. Wengi wanaona kinashuka wanadhani hapo ndipo penye maumivu, kumbe ni kinyume, nadhani ndio iliyokupoteza. Matiti ndio mwendo wa kukagulia maana miguu inakanyaga kimshazari, mbele kushoto na nyuma kulia pamoja, kisha ile jozi nyingine, pande zote zinabeba sawa, hitilafu ndogo inajitokeza. Akienda shoti, yaani mbio kali, miguu haifanani hata akiwa mzima. Na kamba ukiibana kichwa hakichezi, umeuficha ugonjwa. Ya nyuma simama nyuma yake utazame nyonga, upande unaopanda na kushuka zaidi ndio wa kushuku.

mtoto_wa_amu
Kwetu Lamu ni punda, lakini mambo ni hayohayo. Punda akienda telki nzuri, ule mwendo wake wa harakaharaka, unasikia kwato zinalia sawasawa kichochoroni, akiumia mlio unavunjika, mguu mzima unapiga kwa nguvu ule mbovu unagusa tu. Marehemu baba alikuwa anafumba macho anasikiliza. Na punda ni mvumilivu mno, ukiona anachechemea ujue kaumia zamani.

kamera_mkononi
Jicho pekee halitoshi jamani. Mwaka 1878 kule California mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, farasi wa tajiri Leland Stanford akipita anagusa nyuzi, kila uzi unafyatua kamera yake. Wachoraji walikuwa wakichora farasi wa mbio kajinyoosha hewani, mbele na nyuma, picha zikaonyesha kweli miguu yote minne inaacha ardhi lakini ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Karne na karne watu wamepanda farasi hawajaliona hilo! Siku hizi kuna sensa ndogo, vifaa vya kupima mwendo, zinafungwa kichwani, juu ya nyonga na mguu wa mbele kulia, kompyuta inahesabu. Wewe anza na simu, rekodi slomosheni.

saisi_nrb
Asanteni sana sana. Leo asubuhi nimelegeza kamba mwenzangu akarekodi, nimeiona kabisa, kushoto ikigusa tu kichwa juu. Nikapapasa kwato zote mbili, ya kushoto ina moto kuliko ya kulia. Daktari anarudi kesho, video nimemtumia tayari.