Watoto "mama nimeboreka" kila dakika, na likizo ndo kwanza imeanza. Naombeni ushauri

MamaWawili_Uyole:
Habari zenu wakuu. Niko Uyole hapa Mbeya, nina watoto wawili, wa kiume miaka 8 na mdogo wake wa kike miaka 4. Shule zimefungwa na baridi ya huku mwezi wa sita mnaijua, hadi saa nne asubuhi hawatoki nje. Tivii ikizimwa tu basi, mama nimeboreka, mama naomba simu. Wiki ya kwanza niliwapa, nikaona mkubwa anakaa masaa matatu hanyanyui kichwa na ukimnyang'anya analia kama kafiwa. Juzi nimeificha, sasa wananifuata jikoni hadi chooni. Sisi tulicheza kutwa bila kununuliwa chochote, hawa wanashindwa nini? Inaniumiza kwa kweli.

Mnyalu_Kihesa:
Kamwene dada. Ukikimbilia kuwatafutia cha kufanya kila wakilalamika hawatazoea kutafuta wenyewe. Wangu nilimwambia sawa mwanangu, boreka kwanza, nikaendelea kufua. Alinung'unika kama nusu saa, akalala chini, akachokoachokoa maboksi, mara nasikia honi, kapanga stuli anapakia abiria wa Mafinga na mimi nadaiwa nauli. Hiyo nusu saa ndo ngumu, wengi tunatoa simu hapohapo. Na mkija Iringa wapelekeni Gangilonga, jiwe linaloongea, halafu waulize limesema nini. Utashangaa.

kijana_Makambako:
Zama hizo zimepita, muwekee programu za kujifunza tu.

fundi_mbalizi:
Kijana, programu imeshamaliza kuwaza, yeye anabonyeza tu. Dada, wawekee vitu. Mabua ya mahindi saa hizi yamejaa mashambani, ganda unalichana vijiti, ule moyo mweupe ndo unachomekea, inatoka miwani, gari, ng'ombe, chochote. Magunzi, ndala zilizokatika, waya, vizibo vya soda, usitupe. Tukuyu sisi tulichonga magari kwenye mgomba. Muonyeshe kuchomeka mara moja tu halafu ondoka, ukikaa hapo utaishia kumtengenezea wewe.

Mwl_mstaafu:
Mwanangu, huyo wa miaka 4 usimsahau. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wa umri wake asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na achangamshe mwili walau dakika 180. Mpe udongo na beseni la maji jua likishatoka. Akifinyanga usimkosoe, akisema chungu ni ndege muulize anarukia wapi. Jioni mkiota moto anza hadithi, ukifika sungura kanaswa, nyamaza. Wamalizie wao. Nimefundisha darasa la awali miaka mingi, mtoto mkimya kuliko wote ndiye alikuwa anatoa mwisho ambao hakuna aliyeuwaza.

MamaWawili_Uyole:
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Siku ya kwanza walilia hadi nikakaribia kuitoa simu. Leo siku ya nne, mdogo ana mgahawa wa udongo nyuma ya nyumba na magunzi ndo wateja, kila mmoja na jina lake. Mkubwa anaunda lori. Kaka fundi, magurudumu ya ndala yanachomoka, anafanyaje? Amegoma kula hadi nikuulize.

fundi_mbalizi:
Atoboe kizibo cha soda katikati kwa msumari (umsaidie hapo), akipachike nje ya gurudumu, kisha akunje ncha ya waya. Halichomoki. Mwambie ale kwanza.