Je, ni sawa mtaalamu kumtaka mtoto aikabili hofu yake badala ya kumwepusha nayo?

Mama Nuru, Morogoro

Salaam ndugu zangu. Naomba ushauri wenu, hasa wazazi waliopitia jambo hili na wataalamu wa afya ya akili kama wamo humu.

Binti yangu ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza katika shule ya serikali. Alipokuwa shule ya msingi, ambako alifundishwa kwa Kiswahili, alikuwa mtoto mchangamfu na hakukosa kuwamo katika kumi bora. Tangu aingie sekondari na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, amekuwa mtu mwingine. Kila Jumatatu alfajiri namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, ameshika tumbo huku jasho likimtoka, na nikimhimiza anywe uji anautapika. Tumepima malaria na taifodi, tumepewa dawa za vidonda vya tumbo, wala hakuna kilichobadilika. Jirani aliniambia ni majini. Nilimsomea dua na bado ninamsomea. Hatimaye daktari wa watoto alitueleza kuwa ni wasiwasi uliopita kiasi, akatuelekeza kwa mtaalamu wa saikolojia.

Nilitarajia huyo ampe maneno ya kumtuliza, au aniandikie barua ya kumwombea mapumziko shuleni. Badala yake, baada ya vikao viwili, amemtaka aorodheshe yote yanayomtisha, kuanzia dogo hadi kubwa, kisha aanze kuyatenda moja baada ya jingine. Kubwa kuliko yote ni kusimama darasani na kusoma kwa sauti, kwa sababu mwezi wa pili alikosea neno na darasa zima likamcheka. Moyo wangu wa mama unakataa. Je, huku si kumtonesha mtoto kidonda?

Mnasihi wa Watoto, Dodoma

Mama Nuru, pole sana kwa mahangaiko, na hongera kwa kutokata tamaa baada ya vipimo vyote hivyo. Tumbo linalomuuma binti yako linauma kweli, hasingizii. Mwili wenye hofu hujiandaa kukimbia, na tumbo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha dalili.

Alichokifanya mtaalamu wenu ni sehemu ya tiba inayoitwa tiba ya fikra na tabia, ambayo ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi kwa watoto wenye wasiwasi. Mtoto anapokwepa anachokiogopa hutulia papo hapo, na utulivu huo humfundisha kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa, hivyo Jumatatu inayofuata hofu hurudi ikiwa na nguvu zaidi. Lakini akibaki mbele ya kile anachokiogopa, kwa kiwango anachoweza kukivumilia, hugundua kwamba moyo ulioenda mbio hutulia wenyewe, na kwamba lile baya alilolitabiri mara nyingi halitokei, au likitokea analimudu. Hayo hayafundishiki kwa maneno, hata tungezungumza naye mwaka mzima.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha taarifa ya mtoto wa karibu miaka 3, aliyeitwa Peter, ambaye aliogopa sungura. Sungura aliletwa akiwa kizimbani wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, akasogezwa kidogo kidogo, hadi ikafika siku Peter akamshika kwa mikono yake mwenyewe. Zingatia neno hilo, kidogo kidogo. Mtaalamu angemsimamisha binti yako mbele ya darasa katika juma la kwanza, ningeungana nawe kupinga. Ngazi nzuri huanzia chini kabisa: asome peke yake chumbani, asome mbele yako, ajirekodi kwenye simu na kujisikiliza, asome mbele ya rafiki mmoja, na kadhalika, akirudia kila hatua hadi imchoshe kuliko inavyomtisha. Yeye mwenyewe ndiye anayepanga mfuatano wa hatua hizo.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlichunguze kabla ya kupanda ngazi hiyo, nalo ni tofauti kati ya hofu na hatari. Ikiwa mwalimu huwachapa viboko wanaokosea kusoma, au kuna wanafunzi wanaomwonea njiani, basi mtoto anaogopa kitu cha kweli, na wa kubadilishwa kwanza si yeye. Nenda shuleni, mama, uulize kwa upole lakini uulize mpaka upate jibu.

Baba Mapacha, Mombasa

Mama Nuru, nakuelewa kwa sababu mimi nilikuwa sehemu ya tatizo bila kujua. Mimi ni dereva wa lori, na mmoja wa wanangu, akiwa na miaka 10, alishikwa na hofu kwamba nitakufa safarini. Alinipigia simu mara kumi na zaidi kwa siku akiuliza kama niko salama, nami niliegesha lori kando ya barabara pale Mariakani ili nimjibu, kwa kuwa niliona huo ndio upendo. Kila jibu lilimtosha kwa nusu saa tu.

Mshauri wetu alinieleza kwamba huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, Eli Lebowitz na wenzake walifanya utafiti uliohusisha watoto 124, ambapo katika kundi moja wazazi pekee ndio waliohudhuria vikao, wakifundishwa kupunguza kuibembeleza hofu ya mtoto, na watoto hao hawakuwa na matokeo duni kuliko wale waliotibiwa wenyewe. Basi tulikubaliana na mwanangu kuwa nitapokea simu moja, saa saba mchana. Siku ya kwanza alilia, mama yake akamwambia maneno tuliyofundishwa: “Najua unaogopa, na najua unaweza kuivumilia hofu hii.” Hakuongeza neno, ingawa yeye pia alikuwa akilia jikoni. Ilituchukua karibu miezi miwili.

Mama Zawadi, Kigoma

Poleni wazazi wenzangu. Je, dawa zisingesaidia haraka zaidi?

Mnasihi wa Watoto, Dodoma

Husaidia baadhi yao, Mama Zawadi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watoto na vijana 488 wenye umri wa miaka 7 hadi 17. Baada ya majuma 12, waliopata nafuu kubwa walikuwa takriban asilimia 81 ya waliopewa tiba hii pamoja na setralini, mojawapo ya dawa za kutibu huzuni na wasiwasi, asilimia 60 ya waliopata tiba peke yake, asilimia 55 ya waliopewa dawa peke yake, na asilimia 24 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, tangu mwaka 2004 dawa za kundi hilo hubeba onyo nchini humo, kwa kuwa huweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana, hivyo zitolewe na daktari anayemfuatilia mtoto kwa karibu, hasa majuma ya mwanzo. Tafadhali mtu asizinunue dukani kwa kusikia tu.

Mwalimu wa Kiambu

Nawaongezea wale wasio na mtaalamu karibu. Hapa Kenya, utafiti wa mpango wa Shamiri uliochapishwa mwaka 2021 uliwashirikisha wanafunzi 413 wa sekondari. Vijana waliomaliza shule hivi karibuni, ambao si wanasaikolojia, waliongoza vikao vinne tu vya makundi, na dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Mama Nuru, Morogoro

Ahsanteni sana nyote. Nilikwenda shuleni. Mwalimu wa Kiingereza hachapi, ila hakujua kwamba binti yangu alichekwa, na amekubali kutomwita ghafla kusoma hadi tumwambie yuko tayari. Ngazi yetu ina hatua tisa. Ameibandika nyuma ya mlango wa kabati. Jana alifika hatua ya tatu: alimsomea bibi yake ukurasa mzima, na bibi, ambaye hajui Kiingereza hata neno moja, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila anapomaliza sentensi. Mikono ilimtetemeka hadi katikati ya ukurasa, kisha ikaacha. Alhamisi, wakati wa mapumziko, atasoma mistari miwili mbele ya mwalimu na rafiki mmoja, darasa likiwa tupu. Mimi nitabaki nyumbani, kama mtaalamu alivyoniomba.