Tupeane uzoefu: kupiga picha majengo ya kale

Mleta mada
Wakuu, salaam. Naanza na langu. Mwaka 2019 nilikaa Forodhani, Zanzibar, jioni tatu mfululizo nikiisubiri Beit al Ajaib. Jengo hilo alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 limeelekea baharini, upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwake na uso wote ni kivuli. Alasiri ndipo mwanga unapopanda roshani moja baada ya nyingine. Nikaupata mnara wa saa na mawingu mekundu nyuma yake, nikafurahi sana.

Tarehe 25 Desemba 2020 mnara ule ukaanguka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo. Nilipofungua picha zangu sikukuta hata moja iliyonyooka, yenye uso mzima, nguzo kwa nguzo. Zote nilizipiga kwa pembe. Inaniuma hadi leo. Siku hizi kila jengo nalipiga kwanza kwa kusimama katikati yake, kamera imenyooka, urembo baadaye. Nyinyi mwafanyaje?

Wa Mombasa
Hilo la kunyooka lilinitesa sana pale Fort Jesus. Ukisimama karibu na ukuta ukainua simu juu, ukuta wote unaonekana unaangukia nyuma. Dawa niliyoipata ni kurudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, kushika simu wima kabisa, na kukubali ardhi tele chini ya picha. Ile ardhi naikata baadaye nyumbani.

Wa Lamu
Mimi nimezaliwa huku. Nyumba za ufuoni zinatazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, kwa hiyo asubuhi ni zake. Vichochoroni ni kinyume: saa tatu ukuta mmoja unawaka na mwingine ni giza. Ngojeni saa sita. Jua likishuka moja kwa moja, chokaa nyeupe inalirudisha huku na huku, nakshi za mlango zinasomeka zote.

Ndani ya nyumba, jueni kwamba upana wa chumba umefuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Msipambane nao kwa lenzi pana sana, itavinyoosha mpaka visifanane na vyumba vyetu. Mimi nasimama mwisho wa chumba, nazielekea zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nangoja mwanga wa kiwandani, yaani ua wa ndani, uingie. Na hodi jamani, hata barazani. Daka la mtu, yaani ukumbi wa mlangoni, ni nyumba yake.

Wa Kilwa Masoko
Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nilijipanga katikati ya safu za nguzo, matao yakafuatana vizuri mpaka mwisho. Picha safi, lakini ukubwa wa mahali haukuonekana. Mzee aliyetuongoza akapita chini ya tao la tatu, nikamwomba asimame hapo. Alipotokea ndani ya picha, kimo cha matao kikajieleza. Tangu hapo sipigi magofu bila mtu, ila akubali mwenyewe.

Wa Unguja
Mleta mada, ninazo mbili za Beit al Ajaib za mwaka 2014, nilizipiga alasiri kutoka bustanini Forodhani. Uso mzima upo, na mnara. Nakutumia leo usiku.

Mleta mada
Ahsante sana ndugu yangu. Nangoja.