Vitunguu vyangu vinagawanyika mapacha: ni busta au ni mbegu? Naomba ushauri

Habari zenu wakulima wenzangu. Nipo Mang'ola, Karatu, nina nusu eka ya vitunguu aina ya Red Bombay. Miche niliihamishia kwenye majaruba ikiwa na siku 45.

Wiki ya nne nilipiga busta ya majani (dawa ya kukuzia inayopuliziwa kwenye majani), nikarudia baada ya siku 10. Sasa karibu kila mche wa tatu umetoa mashina mawili, mengine matatu. Jana nilikata kimoja katikati: ganda la nje ni moja, ndani viini vitatu, kila kimoja na maganda yake. Sokoni hivi vinatupwa pembeni, na inaniuma kwa sababu shamba lenyewe limestawi vizuri.

Niliposoma lebo upya nikaona neno jiberelini, yaani homoni ya kukuza mmea. Ninavyojua, homoni ya oksini inayotoka kwenye ncha ya mmea ndiyo hubana machipukizi ya pembeni, na homoni nyingine, saitokinini, huyaamsha. Kwenye mpunga jiberelini hupunguza machipukizi, lakini kwenye jamii ya vitunguu imeonekana kuyaongeza.

Nimeshaacha busta na urea. Kinachonichanganya ni jaruba moja ambalo halikupigwa dawa: nalo lina mapacha, ila wachache zaidi. Na kweli, mwezi uliopita maji ya zamu yalichelewa, shamba likakauka kisha likalowa ghafla.

Naomba kuuliza: kuna aliyepiga jiberelini kwenye kitunguu akaona hali hii? Na vile visivyogawanyika, nikivitenga kwa ajili ya mbegu, tabia hii itapungua msimu ujao?