Mrejesho: Kufungwa kwa Nakuru na mzigo wangu wa Eldoret

Ndugu zangu, mwezi wa Aprili niliuliza ni lini vizuizi vya Nakuru vingeondolewa, kwa kuwa wateja wangu wa mitumba wako Eldoret, nje ya zile kaunti 5, Nakuru ikiwemo, zilizofungwa tarehe 26 Machi 2021 kwa sababu ya korona. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kutumia lori la mizigo, kwa sababu amri iliwazuia wasafiri, si shehena. Marobota yalifika salama, ingawa gharama ya lori ilimeza karibu faida yote, na baadhi ya wateja, waliozoea kuchagua nguo mbele yangu, walikataa kununua. Barua niliyoiandikia ofisi ya kaunti haikuzaa kitu: nilijibiwa kwamba uamuzi ni wa serikali ya kitaifa, jambo ambalo mmoja wenu alikuwa amenitahadharisha.

Tarehe 1 Mei Rais Kenyatta aliruhusu usafiri tena, na kafyu ikaanza saa 4 usiku badala ya saa 2. Kilichotuudhi wengi hapa, zaidi ya kufungiwa kwenyewe, ni kutoambiwa mapema ni kigezo gani kingetufungulia. Baada ya hapo nilianza kusafiri na mzigo wangu mwenyewe, ila kafyu, hadi ilipoondolewa Oktoba 2021, ilinilazimu kuondoka Eldoret mapema.