Coaster ya kulala ya mtumba kutoka Japani: nikague nini, nitenge kiasi gani?

NyegeziKwetu:
Wakuu, natafuta Toyota Coaster iliyogeuzwa nyumba: jiko, friji, kitanda. Itakaa Mwanza, safari zake Bunda na Serengeti. Nikague nini, na gharama gani hujitokeza baada ya kununua?

Fundi_Igoma:
Mkuu, anza na paa, siyo injini. Maji hupenya kwenye maungio ya madirisha na matundu ya hewa, yakaozesha mbao za ndani huku rangi ya nje ikimeta. Bonyeza kuta kwa kidole gumba, hasa konani na chini ya madirisha. Pakibonyea, achana nalo. Kufumua na kujenga upya kunaweza kuzidi gharama ya ovahoo ya injini. Ikiwa na injini ya 1HZ (dizeli ya Toyota), vipuri vyake si shida. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Bila ushahidi kuwa ulibadilishwa, funga mpya.

SolaKirumba:
Umeme! Japani ni volti 100, sisi 230. Ukichomeka moja kwa moja, friji na chaja vinaungua. Nunua transfoma ya kushusha, soma kibandiko cha kila kifaa. Betri za asidi zisishuke chini ya nusu ya chaji, zitakufa mapema.

MamaIlemela:
Matairi: soma tarakimu nne ubavuni. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Gari lililoegeshwa muda mrefu huwa na kashata nzuri lakini mpira umechanika. Ushuru kokotoa kwanza kwenye tovuti ya TRA (Mamlaka ya Mapato). Matengenezo, tenga asilimia 10 ya bei kila mwaka, na mwaka wa kwanza mara mbili yake.