Naomba ushauri: samaki wanalegea, na hasara inakatwa kwenye fungu la mabaharia

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni mwaka wangu wa pili katika mashua ya wavuvi saba, na hesabu za chombo ninaziandika mimi kwa kuwa nahodha ameniamini. Mgao wetu uko hivi: mauzo yakishatolewa mafuta na chambo, kinachobaki ni nusu kwa tajiri, yaani mwenye mashua, kwa ajili ya chombo, injini na nyavu, na nusu kwetu. Tunavua usiku na kuingia dikoni, mahali pa kushushia samaki, jua likiwa limeshapanda, ilhali barafu tunayopewa haizidi gunia moja. Juzi mnunuzi alimbonyeza jodari wetu kwa kidole gumba, shimo likabaki palepale kama kwenye udongo mbichi. Akafunua matamvua, anayopumulia samaki, akayakuta yamekuwa ya kahawia, akaondoka bila kutaja bei. Tajiri akasema ni uzembe wetu, na hasara yote akaikata kwenye fungu la mabaharia. Imeniuma, kwa sababu barafu tumeiomba mara nyingi. Nimwendeeje mzee huyu bila kuonekana mkorofi?

Jibu la nahodha mstaafu:
Mwanangu, pole sana. Kabla hujazungumzia mgao, hakikisheni kwamba kazi yenu chomboni haina lawama. Jodari akipanda tu, mtoeni damu, mpasueni, ondoeni matumbo na matamvua, kisha mwosheni kwa maji safi ya bahari. Barafu ipondwe, kwa maana mabonge huchubua nyama na huacha nafasi zinazobaki na joto. Itangulie chini, ifuate safu ya samaki, kisha barafu tena, na maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka. Penye joto kali, kadiria kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Gunia moja kwa watu saba wanaovua usiku kucha halitoshi, na hilo si kosa lenu.

Jibu la mchuuzi wa samaki:
Naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hujenga histamini, sumu ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha, na mlaji huwashwa, huwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa. Kwa hiyo mnunuzi yule hakuwa na maringo. Mimi mwenyewe samaki wa namna hiyo simgusi, hata kwa bei ya kutupa.

Jibu la mwenye chombo:
Kaka, nasema nikiwa upande wa matajiri. Ukinijia na malalamiko nitakusikiliza nusu, lakini ukinijia na daftari nitakaa chini. Andika kwa safari kadhaa barafu mliyoondoka nayo, saa ya kuvua, saa ya kufika na bei ya kila fungu mnadani. Kisha pendekeza barafu ihesabiwe pamoja na mafuta, itolewe kabla ya kugawana, ili sote tuichangie na sote tuvune faida yake. Kukata hasara upande mmoja si haki, nami nalikiri hilo waziwazi, ila maneno hayo ayaseme nahodha, wewe uwe nyuma yake na hesabu mkononi.

Mleta mada:
Nawashukuru sana. Nimezungumza na nahodha, naye amekubali kwamba safari ijayo tutatenga kasha moja lenye barafu ya kutosha, samaki wake wanadiwe peke yao, na bei zote mbili niziandike mbele ya tajiri. Je, kasha hilo likae wapi chomboni?

Jibu la nahodha mstaafu:
Liwekeni mbali na injini, chini ya kivuli, juu ya vipande vya mbao ili lisigusane na sakafu iliyopata joto. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa, na mfuniko usifunguliwe ila wakati wa kuingiza samaki.